Wahamiaji wanaozuiliwa seli baada ya kumaliza kifungo: wakili wa maslahi ya umma aanzie wapi?

Wakili_Mvita:

Mawakili wenzangu, na wengine wote mnaofuatilia mambo ya haki za wanaozuiliwa,

Mimi ni wakili hapa Mombasa, na hadi sasa kazi yangu imekuwa ya ardhi na mikataba. Mwaka huu nilianza kujitolea katika shirika dogo la msaada wa kisheria, na humo nimekutana na jambo ambalo siwezi kulifumbia macho. Kuna vijana kutoka Ethiopia waliokamatwa wakisafirishwa kuelekea kusini. Walifikishwa mbele ya hakimu, wakakiri kosa la kuwepo nchini bila kibali, wakatozwa faini ambayo hakuna hata mmoja wao angeweza kuilipa, wakatumikia kifungo hadi kikaisha. Baada ya hapo walitolewa gerezani na kuhamishiwa seli za kituo kimoja cha polisi, ambacho sitakitaja hapa, wangoje kurejeshwa kwao. Wamengoja hadi leo, na kila ninapouliza naambiwa kwamba hakuna fedha za nauli.

Seli ile ilijengwa kwa ajili ya mtu wa kulala usiku mmoja akingoja kupelekwa kortini asubuhi. Sasa ndiyo makao yao. Wanalala sakafuni bila mablanketi ya kutosha, haja zao wanaenda kwenye ndoo, hawatoki nje kuota jua, na mmoja wao anakohoa kikohozi ambacho hakuna aliyeweza kuniambia kama kimepimwa.

Ninafikiria kuacha kazi ya sasa na kuingia katika uwanja huu kwa ukamilifu, lakini kabla ya hapo nahitaji kuwatendea haki hawa waliopo. Je, nifungue ombi la kikatiba kuhusu hali ya seli kwa jumla, au niombe amri ya kila mmoja kuletwa mbele ya Mahakama Kuu? Na je, ikiwa watasafirishwa kabla kesi haijasikizwa, ombi linakufa pamoja na safari yao? Nitashukuru kwa majibu ya wale waliowahi kuifanya kazi hii.

---

WakiliNgara:

Wakili mwenzangu wa Mvita, nakushukuru kwa kulileta jambo hili, kwa maana wengi hupita karibu na seli hizo kila juma wakienda kuwaona wateja wao wenye dhamana, wala hawaulizi ni nani aliyelala kule mwisho wa ukumbi.

Kabla hujachagua aina ya kesi, uliza karatasi moja: ile inayowaweka pale. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kinampa Waziri uwezo wa kutoa amri ya maandishi ya kumwondoa nchini mtu aliyepo kinyume cha sheria, na kuelekeza kwamba awekwe katika ulinzi wa polisi, gerezani au katika kituo cha uhamiaji mpaka aondoke. Na kinaongeza kwamba muda huo wote atahesabiwa kuwa katika kizuizi halali, iwe amefungua kesi au hajafungua. Hilo ni neno zito, nalo ndilo upande wa Serikali utakalolisimamia. Lakini zingatia kwamba kinachotakiwa ni amri ya Waziri. Pendekezo la hakimu chini ya Kifungu cha 26A cha Kanuni ya Adhabu ni pendekezo tu. Ukikuta kwamba vijana hao wanashikiliwa kwa pendekezo la korti peke yake, hakuna haja ya kuzunguka: kizuizi hicho hakina msingi, na dawa yake ni amri ya kuwaleta mbele ya jaji, ambayo Katiba inailinda katika Kifungu cha 51(2) na kuiweka, katika Kifungu cha 25, miongoni mwa haki chache zisizoweza kuwekewa mpaka wowote.

Ukiikuta amri ya Waziri, basi hoja inahamia kwenye muda na hali ya kizuizi. Hapo unaingia kwa mlango wa Kifungu cha 51(1): mtu anayezuiliwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo kwa wazi haziwezi kwenda pamoja na kuzuiliwa kwenyewe. Kulala juu ya kitu kisafi kunaweza kwenda pamoja na kuzuiliwa. Kupimwa kifua kikuu kunaweza. Kuliona jua kunaweza. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 imeyataja mambo haya kwa majina yake: chakula, malazi, mavazi, matibabu, mazoezi, mawasiliano na familia. Mawakili wengi hukimbilia mikataba ya kimataifa na Kanuni za Mandela za 2015, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, ambazo ni nzuri, huku wakiiacha nyuma sheria ya Bunge letu wenyewe iliyo wazi zaidi.

Utaambiwa kuhusu bajeti. Jaji anapoelezwa kwamba fedha hazipo, huelekea kulegea, kwa kuwa yeye naye anaijua nchi yake. Jibu lako ni Kifungu cha 25(a) cha Katiba: uhuru dhidi ya mateso na dhidi ya kutendewa kwa ukatili au kwa njia ya kudhalilisha hauna kipimo cha bajeti. Msomee pia hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 katika kesi ya Daniel Ng'etich, iliyohusu wagonjwa wa kifua kikuu ambao mwaka 2010 waliamriwa kufungwa katika gereza la Kapsabet kwa kutomaliza dawa. Mahakama ilisema kuwafunga gerezani kwa lengo la matibabu kulikiuka Katiba. Ile haikuwa kesi ya wahamiaji, lakini swali lililoulizwa ni lile lile unalouliza wewe: mahali alipowekwa mtu panalingana vipi na sababu inayodaiwa ya kumweka? Vijana wako wanawekwa ili wasafirishwe. Seli isiyo na choo haimsafirishi mtu.

Sasa ushahidi, na hapa ndipo kesi nyingi za hali ya vizuizi huangukia. Hati ya kiapo inayosema "hali ni mbaya sana" haimsaidii jaji. Pima urefu na upana wa seli, hata kwa hatua za miguu yako ikiwa hukuruhusiwa kuingia na futi. Andika ni watu wangapi waliolala humo usiku uliotangulia, dirisha liko wapi, maji yanaletwa saa ngapi na kwa chombo gani. Omba kuona jinsi walivyoingizwa katika kitabu cha matukio cha polisi. Kisha peleka barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na uipeleke kwa jina lako mwenyewe, kwa sababu Kifungu cha 35 cha Katiba kimempa raia haki hiyo na wateja wako si raia. Kwa kawaida ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, lakini habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Muda huo wa saa 48 utaje ndani ya barua yenyewe. Wakijibu, umepata ushahidi. Wakinyamaza, kunyamaza kwao nako utakuambatanisha.

Kuhusu swali lako la safari: ombi halifi ikiwa limejengwa vizuri tangu mwanzo. Kifungu cha 22(2) cha Katiba kinamruhusu mtu au chama kufungua kesi kwa maslahi ya umma, kwa hiyo shirika lenu liwe mlalamishi wa kwanza, na wale vijana wanaokubali wawe walalamishi pamoja nalo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2013, shirika la msaada wa kisheria la Kituo Cha Sheria pamoja na wakimbizi kadhaa walipopinga agizo la Serikali la kuwahamishia wakimbizi wa mijini katika kambi za Dadaab na Kakuma: walipata kwanza amri za muda mnamo Januari, na Julai mwaka huo huo Mahakama Kuu ikalifuta agizo. Bila amri za muda kusingebaki kitu cha kuamua. Lakini usiende ukidhani kwamba hukumu ile inakubeba yenyewe. Mwaka uliofuata, baada ya msako mkubwa wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ambapo maelfu ya watu walizuiliwa, wengine katika uwanja wa Kasarani, ombi lililofanana na lile halikufaulu. Kila mara jaji huangalia ushahidi ulioletwa mbele yake siku hiyo.

Katika maombi yako, usiishie kuomba tamko kwamba haki zimekiukwa. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Mitu-Bell, Januari 2021, hakuna tena ubishi kwamba mahakama inaweza kutoa amri zenye usimamizi, yaani zile ambazo yenyewe huendelea kufuatilia utekelezaji wake, kwa sharti kwamba ziwe mahususi na zenye kutekelezeka. Omba mambo madogo yenye tarehe: daktari aingie seli ndani ya siku kadhaa, mgonjwa atenganishwe na apelekwe hospitali, magodoro yaletwe, taarifa ya kiapo iwasilishwe kila baada ya majuma mawili ikieleza mipango ya safari ya kila mmoja imefika wapi. Amri ya namna hiyo ikikaidiwa, unajua ni nani wa kuitwa mahakamani kujieleza.

---

Mkalimani_Isiolo:

Salaam kwenu mawakili. Mimi si mwanasheria. Nimekuwa nikitafsiri kortini na vituoni kwa miaka mingi, Kiamhari, Kioromo na Kisomali, na ningependa kuongeza jambo ambalo naona kaka yangu wa Mvita amelipita kwa haraka aliposema kwamba vijana walikiri kosa.

Walikiri kwa lugha gani? Wengi wa vijana wanaopita njia hii ya kwenda Afrika Kusini wanatoka kusini mwa Ethiopia, upande wa Hadiya na Kambaata, na wana lugha zao za nyumbani. Kiamhari wamekisikia shuleni, kwa wale waliokwenda shule. Anapoletwa mkalimani wa Kiamhari, kijana aliyechoka na mwenye hofu huitikia "ndiyo" kwa kila neno, kwa kuwa amejifunza njiani kwamba kumkatalia mtu mwenye mamlaka kunaleta kipigo. Hakimu huandika kwamba amekiri. Nimesimama katika vyumba vya korti nikiyaona haya, na pale nilipopata nafasi nilimweleza hakimu kwamba huyu hanielewi. Baadhi walisimamisha kesi wakatafuta mtu mwingine, na kwa hilo nawaheshimu. Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya korti, na mkalimani asiyeeleweka ni sawa na kukosekana. Kwa hiyo, wakili, tafuta mwenendo wa kesi ya awali uone mkalimani alikuwa nani na alitafsiri kutoka lugha gani.

La pili, uliza umri wao mkiwa peke yenu, kwa upole, na kwa lugha ya mama. Wapo wanaosema wana miaka 20 kwa kuwa aliyewasafirisha aliwaambia waseme hivyo, kumbe ni watoto. Mtoto hapaswi kuzuiliwa ila pale ambapo hakuna njia nyingine kabisa, kwa muda mfupi kabisa, na awe mbali na watu wazima. Kalenda yao nayo inatofautiana na yetu kwa miaka saba au minane, kwa hiyo mtu akikutajia mwaka wa kuzaliwa usiukubali kabla ya kuuliza ni wa kalenda gani. Nimeona mtoto akihesabiwa mtu mzima kwa sababu hiyo peke yake.

La tatu, na hili nalisema kwa uzito wote: usipige simu ubalozini kabla hujamuuliza kila mmoja anakimbia nini. Katika kundi la watu waliotafuta kazi huwemo mmoja au wawili waliokimbia kwa kuhofia maisha yao, na huyo akitajwa ubalozini umemweka hatarini yeye na ndugu zake walio nyumbani. Waulize mmoja mmoja, kamwe si mbele ya wenzao.

---

Wakili_Tanga:

Wakili msomi wa Mvita, shikamoo kwa wakubwa waliotangulia kuchangia. Nachangia kutoka upande huu wa mpaka, Tanzania, kwa sababu vijana hao hao, wasipokamatwa kwenu, hukamatwa kwetu, na magereza yetu yamekuwa na Waethiopia waliomaliza vifungo na kubaki ndani wakingoja nauli.

Huku njia ya kufungua kesi kwa jina la shirika ilizibwa mwaka 2020. Zamani tulijivunia uamuzi wa Jaji Lugakingira katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba Ibara ya 26(2) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kulinda Katiba hata kama yeye binafsi hakuguswa. Mwaka huo Bunge liliirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, likamtaka anayefungua shauri aape jinsi ukiukaji huo ulivyomgusa yeye mwenyewe. Kwa aliyefungiwa ndani, asiyejua lugha wala kuwa na karatasi, sharti hilo lilikuwa mlima. Ndiyo maana wengi wetu tulirudi kwenye kazi ya mtu mmoja mmoja: tunamtembelea mfungwa, tunapata kiapo chake, tunaomba Mahakama Kuu imwite mkuu wa gereza aeleze anamshikilia kwa hati gani. Ni kazi ya polepole isiyoandikwa magazetini, lakini mtu anatoka. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Kenya mlitumie sana Kifungu chenu cha 22, maana mlango ulio wazi leo unaweza kufungwa kwa muswada mmoja.

Kuna mahakama nyingine ambayo naona haitumiki vya kutosha, nayo ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki hapo Arusha. Haikutaki umalize kwanza ngazi zote za mahakama za ndani. Wakili wa Kenya, Samuel Mukira Mohochi, alizuiwa kuingia Uganda katika uwanja wa Entebbe mwezi Aprili 2011 na kurudishwa Nairobi bila kupewa sababu, akaenda Arusha, na Mei 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Ila zingatia mambo mawili. Muda wa kufungua ni miezi miwili tu tangu tukio au tangu ulipolijua, na mahakama imekataa kuulegeza hata pale ukiukaji unapodaiwa kuendelea. Na anayefungua anatakiwa awe mkaazi wa nchi mwanachama, jambo ambalo Serikali itambishia kijana aliyeingia bila kibali, kwa hiyo hapo shirika ndilo lifungue.

---

Wakili_Mvita:

Nawashukuru kwa dhati, na dada mkalimani wa Isiolo, kama nimekosea kukuita dada niwie radhi, maneno yako yamebadilisha mpangilio wangu wote wa kazi. Nimeomba mwenendo wa kesi ya hakimu.

Limebaki jambo moja ambalo nalileta mbele ya WakiliNgara hasa. Nilipozungumza na vijana kwa msaada wa mtu anayeijua lugha yao, wengi waliafiki kesi ifunguliwe. Mmoja, yule anayekohoa, alisema hataki kesi. Anataka kwenda kwa mama yake. Naogopa kwamba yeye ndiye mwenye ushahidi mzito kuliko wote, na naogopa zaidi kwamba nikimwingiza kesini, atabaki hapa hadi kesi iishe.

---

WakiliNgara:

Hofu yako ni ya haki, na nafurahi kwamba umeihisi kabla ya kuandika jina lake popote.

Yeye ni mteja wako kabla hajawa shahidi wako. Ametoa maagizo, nayo yako wazi: anataka kwenda nyumbani. Kazi yako kwake ni matibabu leo na safari mapema iwezekanavyo. Mwandikie mkuu wa kituo barua ya kutaka apelekwe hospitali, nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na uifuate kwa miguu yako mwenyewe kabla usiku haujaingia. Wasiliana na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambalo lina mpango wa kuwasaidia kurudi kwa hiari wale wanaotaka wenyewe kurudi, ila uhakikishe kwanza kwamba ameulizwa faraghani, kama alivyoshauri Mkalimani, ili hiari hiyo iwe hiari kweli. Seli yenye ndoo inaweza kumfanya mtu atake kurudi hata kule alikokimbia.

Ukishafanya hayo, unaweza kumuuliza, mara moja tu, kama angependa kuapa juu ya yale aliyoyaona kabla ya kuondoka. Akikataa, usirudie. Akikubali, hati iandikwe, isomwe kwake kwa lugha anayoielewa, mkalimani naye athibitishe chini yake kwamba alimsomea na akaelewa, na uombe jina lake lifichwe, zitumike herufi za mwanzo tu. Upande wa pili unaweza kulalamika kwamba hayupo wa kuhojiwa juu ya kiapo chake, na jaji anaweza kukipunguzia uzito. Ndiyo sababu nilikuhimiza kupima seli na kudai taarifa kwa maandishi: kesi ya umma isitegemee mgonjwa mmoja kubaki kizuizini ili iendelee kuwa na nguvu. Vipimo vya ukuta havisafirishwi, na wale wenzake waliokubali bado wako.

Wanaobaki nao uwaeleze bila kuficha kwamba chini ya Kifungu cha 43 cha sheria ya uhamiaji kufungua kesi hakuwapi uhuru papo hapo, na kwamba mmoja wao anaweza kubadili nia wakati wowote na kujitoa bila wewe kumlaumu. Andika maagizo ya kila mmoja katika karatasi yake, ukiweka tarehe, na uyapitie nao upya kila unapowatembelea.

Hukuuliza waziwazi kuhusu kuacha kazi yako ya sasa, lakini nitagusia. Mashirika ya kazi hii huishi kwa ufadhili unaokuja na kuondoka, kwa hiyo usivunje ofisi yako mara moja. Wapo mawakili wazuri wanaolipia kodi kwa kesi za ardhi na kufanya hii siku mbili kwa juma. Kufungua ombi kortini hakukugharimu ada, Katiba imeiondoa, ila nauli, wakalimani na daktari wa kujitegemea vinagharimu, na hivyo uvitafutie fedha kabla ya tarehe ya kwanza. Ukiwa na rasimu ya ombi, nitumie kwa ujumbe wa faragha. Nitaisoma juma hili, na cheti cha dharura, cha kuomba kesi isikizwe haraka, tutakiandika pamoja.